Kasyoka Nthiwa na Siku za Mwethya Zilizoingia Vitabuni

Baada ya miaka thelathini kamili ya kututunzia vitabu, Bi. Loise Kasyoka Nthiwa, mhasibu wa Ushirika wa Wakulima wa Kyeni hapa Kathonzweni, anastaafu Jumatano, tarehe 31 Desemba 2025. Aliingia ofisini mwetu Januari 1996 akiwa karani wa hesabu mwenye umri wa miaka thelathini. Anatoka akiwa mkuu wa idara ya fedha, idara ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na mtu mmoja tu, yaani yeye mwenyewe. Kamati imeniomba mimi, Gedion Kyule, meneja wa ghala, niandike wasifu huu. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu katika ushirika mzima hakuna aliyesumbuliwa naye kuhusu risiti kuliko mimi.

Kasyoka alizaliwa milimani karibu na Nunguni, kwenye baridi na mboga za kijani mwaka mzima, na mapenzi ndiyo yaliyomleta kwenye joto letu. Alisomea utunzaji wa vitabu mjini Kitui, akafanya kazi huko miaka miwili katika duka la vifaa vya ujenzi, kisha akaolewa huku na kuanza kulalamika kuhusu vumbi. Bado analalamika. Tulimpa meza, daftari kubwa la leja, kalamu ya wino mwekundu na sefu ambayo ufunguo wake ulikuwa umepotea kabla yeye hajafika. Siku ya kwanza aliuliza fedha zinawekwa wapi. Aliyekuwa karani kabla yake akamwonyesha mkebe wa majani ya chai.

Wanachama wetu walikuwa wakulima wa ndengu na mbaazi, na kwa wengi wao hesabu ilikuwa na maana moja: kuhesabu noti mezani na kuona kama zimetimia. Kasyoka hakuwacheka. Katika mkutano mkuu wa mwaka alisimama na kusoma taarifa ya fedha mstari kwa mstari, kwanza kwa Kiswahili na halafu kwa Kikamba, akisimama kila penye neno gumu. Mikutano hiyo ilikuwa mirefu, na wengine tulisinzia, lakini hakuna mwanachama aliyewahi kusema kwamba hakuambiwa.

Kila mwaka marehemu mzee Musyimi aliuliza swali lile lile. Kama kitabu kinasema tumepata faida, mbona sefu haina pesa? Tuliokuwa kwenye kamati tulikuwa tukitazama dari. Mwaka wa tano Kasyoka aliacha kumjibu kwa maneno. Alimshika mkono katikati ya mkutano, akamtoa nje hadi kwenye ghala, akamwonyesha magunia mia mbili na kumi ya ndengu yaliyokuwa yakingoja bei.

“Faida yako ni hii, mzee,” akamwambia. “Imekaa kwa magunia. Ikiuzwa, ndio utaiona kwa sefu.”

Mzee aligusa gunia moja, akarudi kitini, na kuanzia siku hiyo akawa ndiye anayewaeleza wengine tofauti ya faida na pesa taslimu. Alieleza vizuri kunishinda mimi mwenye cheti.

Mambo yake ya kila siku yalituchosha na kutusaidia kwa kiasi kinacholingana. Nilikuwa na tabia ya kuandika uzito wa gunia bila nusu kilo, kwa kuwa nusu kilo niliiona kama takataka za kufagia. Alijumlisha nusu zangu za msimu mmoja, zikafika magunia manne na ushei, akaniletea karatasi yenye majina ya wakulima waliokuwa wamepoteza. Sikuwa nimeiba hata punje, lakini nilihisi joto shingoni. Mwenyekiti naye aliwahi kununulia wageni soda na kuleta madai yaliyoandikwa kwenye kiganja cha mkono. Kasyoka alimpa karatasi na kumwomba arudi dukani kuandikiwa risiti, umbali wa kilomita moja na nusu, saa saba mchana.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 2014, aliipa muda wa majaribio kama mfanyakazi mpya. Kwa msimu mzima alifanya kila hesabu mara mbili, moja kwenye mashine na moja kwa mkono, na Ijumaa alilinganisha. Mwishoni alitangaza kwamba kompyuta iko sawa na inaweza kubaki.

Wakulima wengi watamkumbuka kwa jedwali lake la mwaka 2016. Sisi sote tulikuwa tunauza ndengu wiki ileile ya mavuno, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Yeye alichukua bei za miaka sita, akatoa gharama ya dawa ya wadudu, magunia, mlinzi na uzito unaopungua punje zikikauka, akatuonyesha kwamba kungoja miezi mitatu kunagharimu shilingi mia mbili na kumi kwa gunia na kuleta shilingi mia tisa zaidi. Hakumlazimisha mtu. Alisema kazi ya mhasibu ni kumwonyesha mwenye mali anachokichagua, na uamuzi unabaki wa mwenye mali. Nusu ya wanachama walingoja, na mwaka uliofuata hakukuwa na haja ya kuwaeleza nusu iliyobaki.

Lakini yote haya yaliwezekana tu kwa kuwa tulikuwa na ghala la kungojea. Kwa hiyo lazima nieleze habari za mwaka 2009, ingawa mimi mwenyewe sitoki humo nikiwa na sura nzuri.

Ghala letu lilijengwa mwaka 1998 na 1999. Ushirika ulinunua mabati, saruji, milango na kufuli kwa shilingi laki tatu na elfu kumi na nane. Kila kitu kingine kilifanywa kwa mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana ambapo watu hukutana kwa zamu na hakuna anayelipwa. Wanachama mia moja sitini na watatu walifyatua matofali, wakachota mchanga mtoni, wakabeba maji na mawe, wakachimba msingi. Mbithe Kimeu, aliyekuwa kiongozi wa mwethya, aliita majina kila asubuhi na kutia alama kwenye daftari, na aliyekosa bila sababu alitozwa mkebe wa mahindi. Kazi ilipoisha tulichinja mbuzi, tukaomba, tukafunga mlango.

Katika vitabu, Kasyoka aliandika kile kilichokuwa na risiti. Ghala: shilingi 318,000. Hakuna aliyeona kasoro. Kwetu sisi mwethya haina bei, na mtu akianza kukuhesabia siku aliyokusaidia unamwona amekosa adabu. Basi kila mwaka mhasibu akapunguza kiasi kidogo kwa ajili ya uchakavu, kama inavyotakiwa, hadi kufikia mwaka 2009 kitabu kikasema ghala letu lina thamani ya shilingi 238,500.

Mwaka huo mvua ilitukataa msimu wa pili mfululizo. Tulikuwa tumekopa shilingi laki mbili na elfu sitini za mbegu, na mbegu zilikuwa zimeungua ardhini. Mkopeshaji alitupa miezi miwili. Hapo ndipo alipotokea mnunuzi mmoja kutoka nje ya kaunti, mtu mwenye maneno laini, akataka kununua ghala kwa shilingi laki tatu taslimu. Tungelipa deni, tubaki na elfu arobaini, na yeye angetukodishia nafasi ya kuweka mazao yetu.

Mimi ndiye niliyepeleka hoja hiyo kwenye kamati. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba tunapata faida ya elfu sitini na moja na mia tano juu ya bei ya kitabuni, na kwamba ni wazimu kukataa. Kamati ilikubali. Tuliitisha mkutano mkuu maalumu na kumwagiza Kasyoka aandae taarifa ya mauzo.

Alianza kuiandaa, akafika kwenye mstari wa faida, akashindwa kuendelea. Ameniambia baadaye kwamba aliandika ile tarakimu mara tatu na mara zote ikamkalia vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine. Alikuwa ameuza mabati Kitui. Alijua mabati na saruji peke yake hayasimami. Aliinuka, akaenda kwa Mbithe, akaomba madaftari ya mwethya. Mbithe aliyatoa kwenye sanduku la bati, madaftari sita ya shule yaliyoliwa pembe na mchwa, bila kujua yanatakiwa kwa kazi gani. Kasyoka alikaa nayo siku tano akijumlisha alama moja moja.

Alikuja kuniona kabla ya mkutano. Alinieleza kwamba atasimama kupinga taarifa yake mwenyewe, na kwamba amekwisha kuandika barua ya kujiuzulu. Mume wake alikuwa mgonjwa wakati huo na wana wawili walikuwa sekondari. Mshahara wa hapa ndio uliokuwa ukiwalisha. Nilimshauri anyamaze. Nilimwambia kwamba mhasibu anayesema vitabu vyake vimekuwa na kosa miaka kumi hatapata kazi nyingine popote, kuanzia hapa hadi Mombasa. Sikusema hivyo kwa wema tu. Hoja ilikuwa yangu na sikutaka ianguke.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala lenyewe kwa sababu ya jua. Kasyoka alianza kwa kuweka barua mbele ya mwenyekiti. Halafu akasema kwamba kitabu kinaonyesha tulichonunua tu, na hakionyeshi tulichofanya kwa mikono. Akasoma hesabu. Siku 7,366 za kazi, kwa ujira wa kibarua wa wakati ule wa shilingi mia kwa siku, ni shilingi 736,600. Ukijumlisha na vifaa na kutoa uchakavu wa miaka kumi, ghala lina thamani ya shilingi 790,950. Mnunuzi alikuwa anatupa laki tatu.

Nilitegemea makofi au kelele za furaha. Badala yake Mbithe alisimama akiwa amekasirika kweli kweli.

“Kasyoka, wewe ulikuja kwangu ukachukua madaftari ukanyamaza, kumbe unaenda kutuwekea bei?” alisema. “Siku yangu ya mwethya haiuzwi! Mimi nilisaidia watu wangu, sikuwa kibarua ya mtu!”

Wanawake wengi walimuunga mkono. Kasyoka alingoja hadi wakanyamaza. Alimjibu kwa heshima, akimwita Mwaitu, mama.

“Ni kweli haiuzwi, Mwaitu. Lakini hii laki tatu ni ya mabati na kiwanja. Siku yako anaibeba bure.”

Niliona watu wakigeuka kutazama kuta. Kasyoka akaendelea, na haya ndiyo maneno yake niliyoyashika vizuri kuliko yote.

“Kosa ni langu. Nilifikiri kitu bila risiti hakina thamani, nikaandika hivyo, mkaamini kitabu. Sikuandika bei ndio mlipwe. Nimeandika ndio mtu asiwadanganye na maandishi yangu.”

Mjumbe mmoja wa kamati alitaka barua ya kujiuzulu ipokewe papo hapo, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mzee Musyimi aliomba nafasi. Aliuliza kama kuna mtu humo ndani anayemjua mhasibu mwingine aliyewahi kujisema mwenyewe mbele ya watu. Hakuna aliyeinua mkono. “Basi huyu mkimfukuza,” akasema, “mtaleta nani? Mwenye atanyamaza?” Kura zikapigwa. Waliotaka kuuza walikuwa thelathini na mmoja, waliokataa mia moja kumi na wanane. Mwenyekiti akairudisha barua kwa Kasyoka bila kuifungua.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wale thelathini na mmoja. Nilikuwa nimeshaelewa, na bado niliinua mkono kwa sababu ya aibu. Naandika hapa ili ikae kwenye kumbukumbu, na yeye ameshasoma aya hii na kuondoa koma mbili.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, na ndivyo anavyoyapenda yeye. Mkaguzi wa nje alikuja, akayapitia madaftari, akakubali marekebisho. Siku za mwethya zikaingizwa kama mtaji, na kila mwanachama akapewa hisa kulingana na siku zake. Mkopeshaji alipoiona mizania mpya, alikubali ghala liwe dhamana na akatuongezea misimu minne. Tulimaliza deni mwaka 2012. Mbithe alichukua miezi mingi kabla ya kumsalimia Kasyoka tena, halafu siku moja alikuja ofisini na kuomba asomewe idadi ya siku zake. Zilikuwa sabini na mbili. Aliomba zisomwe tena, akacheka, akaenda sokoni.

Tangu wakati huo Kasyoka amefundisha utunzaji wa vitabu katika vyama vya Kwa Vonza na Nunguni, na ameongoza fedha za kanisa lake kwa miaka kumi na minne bila sadaka kupungua wala mchungaji kupata usingizi wakati wa ripoti. Ushirika alioukuta na wanachama mia moja na arobaini sasa una mia tano na kumi na mmoja. Ghala limeongezwa chumba cha pili. Tulikijenga kwa mwethya vilevile, na safari hii kila jioni siku ziliandikwa kwenye leja kabla ya watu kunawa mikono.

Nafasi yake inachukuliwa na Sabrin Mowlid, binti wa msafirishaji wa mifugo kutoka Garissa, aliyesomea uhasibu Kwa Vonza na kujifunza Kikamba cha sokoni kwa kasi inayotutia wasiwasi. Tangu Septemba wamekuwa wakikabidhiana kazi. Sabrin aliamua kuanza tangu mwanzo, akayapitia hata yale madaftari sita ya mwaka 1998, na mwezi Novemba alikuja kwangu akiwa na uso uliokosa raha. Madaftari ya Mbithe yalikuwa na siku 7,412. Vitabu vilikuwa na siku 7,366. Siku arobaini na sita hazikuwa na mwenyewe.

“Nimerudia mara nne,” aliniambia. “Naogopa kumwambia Mama amekosea, na amebakisha mwezi mmoja tu.”

Tulienda pamoja. Kasyoka alimsikiliza, akampongeza, akamwambia afungue faili la marekebisho la mwaka 2009, ukurasa wa mwisho. Palikuwa na maandishi yake ya wino mwekundu, ya mistari mitatu, yaliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Tofauti: siku 46. Mhusika ni mtunza vitabu. Hawezi kujiidhinishia.

Tulirudi kwenye madaftari. Jumamosi baada ya Jumamosi, katika siku yake ya mapumziko, Mbithe alikuwa ametia alama mbele ya jina lililoandikwa “Kasyoka wa ofisi”. Alikuwa akibeba maji kama wengine. Mwaka 2009, alipokuwa akiwatetea watu mia moja sitini na watatu ili siku zao zihesabiwe, na kazi yake mwenyewe ikiwa kwenye meza ndani ya bahasha, aliziacha zake nje kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kutia sahihi. Zaidi ya mkaguzi, hakumwambia mtu kwa miaka kumi na sita. Mimi niliyekaa chumba cha jirani yake wakati wote huo sikuwahi kuuliza, na jambo hilo limenichoma.

Kasyoka, tunakushukuru kwa nusu kilo zetu, kwa mikutano mirefu, kwa jedwali na kwa ile barua ambayo haikufunguliwa. Mungu akupe afya, akupe mvua kwenye shamba lako jipya la machungwa, na wajukuu wanaotunza risiti. Maisha yako ya nyumbani yawe mema na marefu.

Na jambo la mwisho, ambalo kamati imelificha hadi leo. Tarehe 12 Desemba tulikaa bila wewe. Mbithe, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, aliletwa kwa pikipiki ili athibitishe daftari lake. Alisoma alama moja moja, Sabrin akaandika, mimi nikahakiki. Siku arobaini na sita, kwa shilingi mia, ni hisa za shilingi elfu nne na mia sita kwa jina la Loise Kasyoka Nthiwa, mwanachama namba 512. Sahihi zipo tatu, na hakuna hata moja iliyo yako.